Sikio la Muuzaji Katika Mitandao ya Kijamii

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Levolosi, Arusha)



Chukueni mfano wa mtumishi aliyehamishiwa Arusha na kupanga nyumba hapa Levolosi. Nyumba ni tupu. Jioni, akiwa ameketi juu ya begi lake la nguo, anafungua simu na kuandika katika ukurasa wa Facebook: “Jamani, nani anamfahamu fundi mzuri wa makabati hapa mjini?” Hakumwandikia mtu maalumu. Ameuliza kama mtu anavyouliza barazani, akitazamia kujibiwa na jamaa wawili watatu. Kabla hajalala, watu kumi na mmoja wamekwisha kumjibu, na sita kati yao hawajui hata kidogo. Mmoja yuko Mbauda. Mwingine yuko Dar es Salaam na anadai ataleta kabati kwa basi. Wa tatu hauzi makabati kabisa, anauza mikopo.

Watu hao sita hawakupita mlangoni pake kwa bahati. Walikuwa wametega. Kila mmoja wao alikuwa amechagua maneno fulani, kama vile “fundi”, “kabati”, “Arusha” na “natafuta”, na kila neno hilo linapotajwa hadharani katika mitandao ya kijamii yeye hupata habari, ama kwa kutafuta mwenyewe kwa mkono kila saa, ama kwa programu inayomfanyia kazi hiyo akiwa amelala. Biashara ya siku hizi inaiita kazi hiyo ufuatiliaji wa maneno msingi. Madhumuni yake ni kumtambua mteja mtarajiwa wakati ule ule haja yake inapozaliwa, kabla hajaenda dukani, na kumfikia kabla mwingine hajamfikia.

Jambo lenyewe si geni kwa yeyote aliyekulia kandokando ya Mlima Meru. Siku za soko la Tengeru au la Ngaramtoni, dalali hodari hakukaa akipiga kelele mahali pamoja. Alizunguka kimya akisikiliza. Akimsikia mzee akimwambia mwenzake kwamba mvua imekaribia na paa linavuja, alijua mahali pa kupeleka mabati. Tofauti iliyopo sasa ni ya ukubwa, na tena ni ya adabu. Yule mzee alimwona dalali amesimama karibu, akaweza kupunguza sauti. Mwandishi wa Facebook hamwoni anayemsikiliza.

Wala isichanganywe kazi hii na matangazo ya kawaida. Kampuni ya Google ilipoanzisha biashara yake ya matangazo ya maneno mwaka 2000, muuzaji alilipa fedha ili tangazo lake lionekane pale mtu anapotafuta neno fulani. Huko muuzaji anakaa mahali pamoja akingoja mteja apite. Huku muuzaji anamfuata mteja alipo. Mwaka 2003 Google hiyo hiyo ilitoa huduma ya bure ya kumpelekea mtu barua kila neno alilolichagua linapojitokeza katika kurasa za intaneti, na baadaye makampuni ya Uingereza, Kanada na Marekani yakatengeneza programu za kusikiliza mitandao ya kijamii na kuziuza kwa bei ambayo seremala wa Levolosi hawezi kuilipa. Hana haja ya kuilipa pia. Msimamizi wa kundi la Facebook anaweza kuagiza aarifiwe neno fulani linapotajwa ndani ya kundi lake, na kisanduku cha kutafutia kilichomo katika kila mtandao ni bure kwa kila mwenye simu na bando.

Lakini hapo ndipo shida ya kwanza inapoanza, na ni shida ambayo walimu wa Kiswahili wataielewa upesi kuliko wahandisi. Programu nyingi za namna hii zilibuniwa na watu wa lugha ya Kiingereza, ambayo maneno yake hayabadiliki sana umbo. Mtu akitega neno moja au mawili amekwisha. Kiswahili hakikubali kutegwa namna hiyo. Mnunuzi mmoja ataandika “natafuta”, wa pili “ninatafuta”, wa tatu “tunatafuta”, wa nne “nilikuwa natafuta”, wa tano atasema mdogo wake “anatafuta”. Kwa mashine inayolinganisha herufi mwanzo hadi mwisho, hayo ni maneno tofauti kabisa. Muuzaji aliyetega “natafuta” peke yake atawakosa wanunuzi wengi na wala hatajua kwamba amewakosa.

Mtu mwerevu atasema, basi na utegwe mzizi, -tafut-, kila umbo linase. Afanye hivyo, kisha atazame alichokinasa. Atakuta lundo la “nitafute kwa namba hii”, yaani maneno ya wauzaji wenzake. Kiambishi kimoja kimebadili mahali na irabu moja imegeuka mwishoni, na mnunuzi amekuwa muuzaji. “Natafuta” ni haja. “Nitafute” ni tangazo. Mashine isiyofundishwa sarufi ya Kiswahili huwatia wote katika kapu moja, na mwenye kuilipia akafurahi kwamba amepata wateja mia mbili, kumbe amepata washindani mia na hamsini.

Kadhalika Waswahili hawana desturi ya kutaja haja yao moja kwa moja. Anayetaka kununua mara nyingi huanza kwa kulalamika: “Hiki kiti kimenivunja mgongo.” Au huuliza bei ya kitu kana kwamba si chake: “Hivi siku hizi mbao za mninga zinakwendaje?” Au huomba ushauri: “Wazoefu naombeni mawazo.” Katika sentensi hizo hakuna neno kununua, hakuna kutafuta, hakuna kuhitaji. Sikio lililozoea lugha hulisikia shauri la fedha ndani yake. Ni kwa sababu hiyo kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, anayeijua Arusha na lugha yake ya mtaani, ana faida kwa fundi kuliko programu ya dola mia kwa mwezi.

Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Atakayetega neno “Meru” kwa kutaka wateja wa Usa River na Poli ataletewa habari za Meru ya Kenya asubuhi na jioni. Atakayetega “Kilombero” kwa ajili ya soko la Kilombero, lililo jirani kabisa na hapa, atazama katika sukari na mashamba ya miwa ya Morogoro. Mwenye kutega “Moshi” ataletewa kila jiko linalofuka nchini. Vijana nao hawaandiki Arusha. Wanaandika “Chuga”, au “A Town”. Na wengi hawaandiki jina la mji kabisa, kwa kuwa wanaozungumza nao wanajua walipo.

Kwa hiyo fundi anayetaka kufanya kazi hii barabara aanze na daftari. Aandike kwa wiki mbili maneno halisi ambayo wateja waliokuja karakanani kwake waliyatumia walipoeleza shida yao, kwa tahajia yao wenyewe na makosa yake. Atashangaa. Yeye anasema “samani”. Wateja wake wanasema “fenicha”, wengine wanaandika “fanicha”, na wengi hawasemi lolote kati ya hayo, wanasema “vitu vya ndani”. Maneno hayo ya wateja ndiyo ya kutega.

Wapo Arusha watu waliokwisha kuifanya kazi hii kwa upana zaidi, nao ni wenye makampuni ya kupokea watalii. Mji huu ndio kituo cha safari za mbuga za kaskazini, na chama cha mawakala wa utalii, TATO, kina makao yake hapa. Watalii wa kigeni waliofika Tanzania mwaka 2023 walikuwa 1,808,205, na wengi wa watu wa namna hiyo huuliza mitandaoni miezi mingi kabla ya kupanda ndege: ni mwezi gani nyumbu huvuka mto Mara, je, siku sita zinatosha kupanda Kilimanjaro, mtoto wa miaka mitano anaweza kwenda Ngorongoro. Anayeliona swali hilo mapema na kulijibu kwa ukweli, hata kama jibu ni kwamba siku sita ni chache na afadhali siku nane, hujenga jina. Anayelirukia kwa orodha ya bei hufukuzwa na wasimamizi wa mahali hapo. Yule wa kwanza huenda asipate safari hiyo. Lakini jibu lake hubaki pale, na wengine mia watalisoma.

Sasa yaja suala la kumfikia mteja, ambalo ni zito kuliko la kumsikia. Kusikia jambo lililosemwa hadharani hakumdhuru mtu. Dhara huja pale msikiaji anapoondoka barazani na kumfuata msemaji mpaka chumbani. Yule mtumishi wa nyumba tupu aliuliza hadharani. Kumjibu hadharani ni halali na ni hisani. Kuchukua namba yake ya simu kutoka mahali pengine, kumwandikia WhatsApp usiku, kumpigia kesho yake, kisha kuiuza namba hiyo kwa muuza magodoro, ni jambo jingine kabisa.

Sheria ya nchi imekwisha kulisemea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mtu ujumbe wa biashara ambao hakuuomba, isipokuwa awe ameridhia, ujumbe utaje tangu mwanzo nani anauleta na kwa madhumuni gani, na umpe mpokeaji njia ya kukataa asiletewe tena. Watu wengi wanaosumbuliwa na ujumbe wa biashara asubuhi hadi usiku hawajui kwamba kinga hiyo ipo. Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo taarifa za mtu hukusanywa kwa madhumuni halali yanayojulikana, na mtu ana haki ya kudai zisitumike kumtangazia biashara. Fundi mwenye daftari la majina na namba za watu asidhani kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mabenki tu.

Hapa ndipo penye jambo linalowahusu hasa ninyi, ndugu walimu na watumishi. Ninyi ni wateja wanaowindwa kuliko wengine, kwa sababu mshahara wenu unajulikana tarehe yake. Neno “mwalimu” na neno “mkopo” yakikutana katika sentensi moja mtandaoni, wapo wanaoarifiwa papo hapo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya mtandao bila leseni. Waliokopa huko waliyajua madhara yake: simu za ndugu na wakuu wao wa kazi zilipigwa, na aibu ikafanywa kuwa dhamana. Mikopo ya kausha damu haikuhitaji tena wakala wa kusimama nje ya geti la shule. Ilitosha mtu aandike kwamba mwezi ni mrefu.

Au tazameni suala la uhamisho. Walimu wengi, hasa wale ambao ndoa imewaweka mikoa miwili, huandika mitandaoni: “Natafuta wa kubadilishana naye. Nipo Monduli, nataka Singida.” Hutaja jina, kituo, na mara nyingi namba ya simu. Ni haja ya kweli na ya kusikitisha, na wengi wamefanikiwa kupatana kwa njia hiyo. Lakini maneno “kubadilishana kituo” ni rahisi kuyatega kama yalivyo maneno “fundi kabati”. Anayeyatega huenda akawa tapeli, naye atampigia mwalimu akijifanya ofisa wa wizarani mwenye uwezo wa kuharakisha barua, kwa malipo kidogo ya kulainisha. Anajua kila kitu: kituo, mkoa anaoutaka, hata sababu. Mwalimu anaamini kwa kuwa hakumbuki kwamba yote hayo aliyaandika mwenyewe. Maombi ya uhamisho yana mfumo wake wa serikali, ESS, na hakuna ofisa anayetafuta waombaji Facebook.

Ni vivyo hivyo kwa anayelalamika hadharani kwamba benki yake au mtandao wake wa simu umemla fedha. Baada ya dakika chache anajibiwa na ukurasa wenye nembo ile ile na jina lenye herufi moja ya ziada, ukimwomba namba ya siri ili asaidiwe. Huyo naye ni mtega maneno. Namba 15040 ya kuripotia matapeli wa simu imewekwa kwa ajili yao.

Mtu anaweza kuuliza kama kazi hii basi si afadhali ipigwe marufuku. Haiwezekani, na wala haifai. Kelele za sokoni haziwezi kufungiwa masikio. Tena fundi mwaminifu wa Levolosi asiye na mtaji wa kupanga duka kando ya barabara kubwa ana haki ya kusikia kwamba mtu wa mtaa wa pili anahitaji kabati. Mtandao wa kijamii umempa nafasi ambayo zamani ilikuwa ya mwenye duka la kioo peke yake. Kinachogombewa ni nani awe na sikio refu kuliko wenzake na alitumie kwa siri. Mwaka 2018 dunia iligundua kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook wapatao milioni 87 zilifika mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza, iliyokuwa ikifanya shughuli za uchaguzi, na Kenya jirani ilikuwa mojawapo ya nchi ilikofanya kazi. Ustadi wa kumtambua mnunuzi wa viatu ni ule ule wa kumtambua mpiga kura mwenye hofu.

Isitoshe, fundi asijidanganye kwamba ameshika mpini. Mpini uko mbali. Februari 2023 Twitter, iliyokuja kuitwa X mwezi Julai mwaka huo, ilitangaza kwamba inafunga mlango wa bure ambao programu za kusikiliza zilikuwa zikiutumia. Waliojenga kazi yao juu yake walitakiwa kulipa. Tarehe 14 Agosti 2024 kampuni ya Meta iliifunga CrowdTangle, chombo kilichotumiwa na waandishi na watafiti kufuatilia maneno katika Facebook na Instagram. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kwa muda wa saa sita hivi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Mei 2025 mtandao wa X uliacha kupatikana nchini kwa njia ya kawaida. Mwenye wateja wake wote ndani ya simu ya kampuni ya kigeni ana wateja wa kuazima.

Halafu kuna wale ambao sikio hili haliwasikii kabisa. WhatsApp, ambako mazungumzo mengi ya familia, vikoba na walimu wa shule moja hufanyika, ilifungwa kwa ufunguo wa siri tangu Aprili 2016. Asiyekuwa ndani ya kundi hawezi kutega neno humo, na hilo ni jema. Zaidi ya hapo yuko mama aliyeteremka alfajiri kutoka miteremko ya Meru na mikungu ya ndizi, anayehitaji meza imara ya kuuzia bidhaa zake hapo Kilombero. Hataandika “natafuta meza” popote. Fundi aliyekaa akitazama simu siku nzima atampita mteja huyo kila asubuhi akienda kazini.

Ofisi za umma nazo zingeweza kujifunza jambo hapa. Ofisa anayefuatilia maneno “maji” na “Levolosi” kila asubuhi atajua bomba limepasuka wapi kabla barua ya malalamiko haijapigwa mhuri. Ila lazima aseme waziwazi kwamba anafuatilia, na afuatilie bomba. Siku atakapoanza kuandika majina ya waliolalamika, wananchi wataacha kulalamika mtandaoni, na bomba litaendelea kuvuja bila ofisi kujua.

Turudi kwa fundi wetu na yule mtumishi wa nyumba tupu. Fundi aliyefundishika ataliona swali lile jioni ile ile, kwa sababu huchunguza maneno yake mara mbili kwa siku, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, wala si zaidi, kwani mbao hazijirandi. Atajibu hapo hapo hadharani, si kwa siri: “Ndugu, karibu Arusha. Kuna fundi makabati Levolosi, nyuma ya kituo cha afya. Karakana iko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, njoo uone kazi zilizokamilika kabla ya kuamua. Kabati la milango miwili huchukua siku nane. Picha na bei zimo katika ukurasa huu.” Ameeleza yeye ni nani, yuko wapi, na anataka nini. Hajaomba namba. Kesho yake mtumishi akiandika, “Asanteni, nimeshapata,” fundi atalikata jina hilo kwa kalamu katika daftari lake na kutomwandikia tena. Asiposema lolote, fundi asubiri. Baada ya siku tatu huenda mtumishi akapita mwenyewe karakanani baada ya kazi, akasimama mlangoni akinusa harufu ya mbao, na kuuliza kama kabati la milango mitatu linaweza kupita katika mlango wa futi mbili na nusu.